Chapa ya Vipandikizi vya Meno: Trei au Skana? Mwongozo kwa Kliniki za Uganda

Maabara yetu ya meno bandia iko Kampala, na karibu kila wiki hupokea swali lilelile kutoka kwa madaktari wa meno wanaoanza kazi ya vipandikizi, wawe Mbarara, Gulu au mtaa wa pili tu kutoka hapa: je, chapa (nakala ya umbo la mdomo na mahali vipandikizi vilipo) iliyochukuliwa kwa skana ni sahihi kuliko ile ya trei na silikoni? Jibu hutegemea idadi ya vipandikizi na umbali uliopo kati yao. Kwa kipandikizi kimoja, au viwili vitatu vilivyokaribiana, njia zote mbili zinatosha zikifanywa kwa uangalifu. Kwa taya zima lisilobakiwa na jino hata moja, trei wazi (yenye madirisha ya kupitishia skrubu) na kopingi zilizounganishwa, yaani vipande vinavyofungwa juu ya vipandikizi wakati wa chapa, bado ndiyo njia ninayoiamini kuliko skana ya kawaida ya kinywani. Na kwa njia yoyote utakayoifuata, usiruhusu taji au daraja lichongwe kabla chapa haijathibitishwa mdomoni mwa mgonjwa mwenyewe.

Mwongozo huu unamlenga daktari au msaidizi ambaye ameshajifunza kupandikiza, lakini bado hana uzoefu wa kuchukua chapa. Nauandika nikiwa upande wa fundi, yaani upande unaofungua boksi na kuona kilichofika.

Nadharia, kwa ufupi

Jino la asili limeshikiliwa na nyuzi laini zilizoko kati yake na mfupa, na kwa sababu hiyo huweza kusogea mikroni 25 hadi 100 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) linapobanwa. Taji likikosewa kidogo, jino hujisogeza na kulipokea. Kipandikizi cha titani kimeshikamana na mfupa wenyewe, nacho husogea mikroni 3 hadi 5 tu. Daraja (meno bandia yaliyoungana) lisilokaa sawasawa juu ya vipandikizi viwili huvutwa na skrubu kwa nguvu, na mvuto huo hubaki humo usiku na mchana mpaka skrubu ilegee au ikatike, au kaure ipasuke. Per-Ingvar Brånemark, Mswidi aliyeweka msingi wa kazi hii, alitaka pengo lisizidi mikroni 10. Mwaka 1991 Torsten Jemt alipendekeza kwamba pengo lililo chini ya mikroni 150 linaweza kukubalika. Kati ya namba hizo mbili ndipo wengi wetu tunapofanyia kazi.

Kumbuka pia kwamba usahihi una pande mbili: ukaribu wa kipimo na hali halisi, na uwezo wa kupata jibu lilelile kila unaporudia. Skana inaweza kurudia jibu lilelile mara kumi na majibu yote kumi yakawa yamepotoka upande mmoja.

Amua njia kabla mgonjwa hajaketi kitini

Skana ya kinywani haipigi picha ya taya zima kwa mara moja. Hupiga picha ndogondogo nyingi, kisha programu huziunganisha kwa kutafuta sehemu zinazofanana, kama mshona mkeka anayeunga ukili kwa ukili: kila mshono ukipinda kidogo, ukingo wa mwisho hautalingana na wa kwanza. Kwenye umbali wa meno mawili au matatu, kupinda huko hakuonekani. Kutoka gego la kulia hadi gego la kushoto, juu ya ufizi mtupu, laini na wenye mate, ambako programu haina alama ya kushika, makosa hujumlishana. Ndiyo maana sipendekezi taya tupu liskaniwe kwa skana ya kinywani peke yake. Zipo kamera za fotogrametria, ambazo husoma mahali vilipo vipandikizi vyote kwa pamoja bila kutegemea mishono hiyo, nazo zinafaa sana kwa taya zima, lakini ni ghali na bado unahitaji chapa nyingine ya ufizi.

Kwa kazi fupi, mambo mengine ndiyo yaamue. Mgonjwa anayetapika kila trei inapogusa kaakaa, au anayefungua mdomo kidogo, atakushukuru ukitumia skana. Vilevile vipandikizi vilivyoinama kila kimoja upande wake hutesa trei, kwa kuwa silikoni hulazimika kupinda ili itoke, ilhali skana haijali sana mwinamo. Kwa upande mwingine, kipandikizi kilichozama chini sana ya ufizi huacha sehemu fupi tu ya nguzo ya skani (kipande kinachofungwa kwenye kipandikizi ili skana isome mahali kilipo) ikionekana, na damu ikianza kutoka skana haioni kitu. Hapo rudi kwenye trei.

Usinunue skana kwa sababu jirani amenunua. Kliniki inayofanya vipandikizi vichache kwa mwaka itapata usahihi uleule kwa kopingi nzuri na silikoni ambayo muda wake haujapita.

Vitu vya kuandaa

Kwa njia zote mbili unahitaji jina kamili la kampuni ya kipandikizi, aina ya muunganiko wake na kipenyo chake, vyote vikiwa vimeandikwa kwenye faili la mgonjwa. Bisibisi ya kampuni hiyohiyo. Mashine ya eksirei. Na pamba au gozi za kukaushia. Mgonjwa aliyepandikizwa kwingine na asiye na kadi ya kipandikizi chake ni mtihani mwingine kabisa: piga eksirei kwanza, tutumie, tukitambue pamoja kabla hujaagiza chochote.

Kwa njia ya trei, andaa:

- kopingi za trei wazi na skrubu zake ndefu, pamoja na analogi (nakala za kipandikizi za kuweka kwenye modeli ya maabara) za mfumo uleule;
- trei ngumu yenye madirisha, au trei maalumu ya akriliki iliyotengenezwa angalau siku moja kabla, ili iwe imemaliza kunywea;
- silikoni ya aina inayojulikana kama vinili polisiloksani, au polietha, pamoja na gundi yake. Alijineti haifai kwa kazi hii, kwa sababu hupoteza maji na kubadilika umbo ndani ya muda mfupi;
- glavu za naitrili;
- akriliki ya kuunganishia na uzi wa meno, ikiwa vipandikizi ni zaidi ya kimoja.

Kwa njia ya skana, andaa nguzo za skani za mfumo uleule, skana iliyosawazishwa, kompyuta yenye chaji ya kutosha au iliyounganishwa na betri ya akiba, na diski ya mkononi ya kuhifadhia nakala.

Njia ya trei wazi, hatua kwa hatua

1. Hakikisha kipandikizi kimeshika. Kifuniko cha ufizi (kinachofungwa juu ya kipandikizi wakati ufizi unapona) kinapofunguliwa, kipandikizi kisizunguke wala mgonjwa asisikie maumivu. Akisikia maumivu, simama hapo. Shida hiyo haitatuliwi kwa chapa.

2. Jaribu trei ikiwa tupu. Skrubu ndefu zipite katikati ya madirisha bila kugusa kingo, na trei isipinde unapoibana kwa vidole. Trei nyembamba za plastiki za kutumia mara moja hupanuka zinapojazwa silikoni na kurudi zinapotoka mdomoni, kisha kosa hilo hubaki ndani ya chapa bila kuonekana kwa macho.

3. Paka gundi ndani ya trei na milimita chache nje ya kingo zake, kisha uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Gundi mbichi haishiki.

4. Ondoa kifuniko cha ufizi, safisha ndani ya kipandikizi kwa maji, kausha, na ufunge kopingi papo hapo. Vipandikizi vikiwa vingi, shughulikia kimoja baada ya kingine, maana ufizi huanza kujifunga ndani ya dakika chache. Kwa taji moja tumia kopingi yenye pembe za kuzuia mzunguko. Kwa daraja tumia isiyo na pembe hizo, au chukua chapa juu ya abatimenti za daraja (vipande vya kati vinavyofungwa kwenye vipandikizi ili kubeba daraja), ili trei iweze kutoka.

5. Piga eksirei ya kila kopingi. Mwale uwe wima dhidi ya mhimili wa kipandikizi, kwani mwale uliolala huficha pengo na kukuonyesha kopingi imekaa wakati imekalia ufizi. Usiiruke hatua hii ati kwa sababu vidole vimehisi kopingi imeingia. Kati ya kazi zinazorudi kwetu, chache tu huja na picha hii.

6. Unganisha kopingi zikiwa zaidi ya moja. Zungushia uzi wa meno kati ya kopingi, kisha uufunike kwa akriliki. Hapa pana mtego mkubwa: akriliki ya aina hii hunywea, na katika vipimo vilivyofanywa maabara ilinywea karibu asilimia 8 ndani ya saa 24, huku sehemu kubwa sana ya mnyweo huo, kama asilimia 80, ikitokea katika dakika 17 za mwanzo. Ukiunganisha na kumwaga silikoni papo hapo, akriliki itaendelea kuzivuta kopingi ndani ya chapa. Dawa yake ni kukata kila kiungo katikati kwa diski nyembamba baada ya dakika 17 au zaidi, kisha kuziba ufa huo mwembamba kwa akriliki kidogo. Njia bora zaidi ni kutuomba tukutengenezee vipande hivyo maabara siku iliyotangulia, nawe ubaki na kazi ya kuziba nyufa tu.

7. Changanya nyenzo. Vaa glavu za naitrili, kwa kuwa salfa iliyomo kwenye glavu za mpira wa asili huzuia silikoni kukauka. Hata ukigusa tu kopingi au ufizi kwa glavu hizo, sehemu hiyo inaweza kubaki na utando unaonata. Kumbuka pia kwamba muda wa kazi ulioandikwa kwenye boksi umepimwa kwenye joto la nyuzi 23. Gulu au Arua mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita hapo kwa mbali, na nyenzo itaanza kukauka ikiwa bado kwenye sirinji. Panga kazi hii asubuhi, na msaidizi ajaze trei wakati wewe unazungushia silikoni nyepesi kwenye kopingi.

8. Ingiza trei taratibu mpaka vichwa vya skrubu vitokeze madirishani, ufute silikoni iliyovifunika, kisha uishike trei mwenyewe bila kuitikisa. Usimpe mgonjwa kazi hiyo.

9. Subiri muda wote ulioandikwa, bila kuupunguza kwa sababu foleni ya nje ni ndefu. Nyenzo iliyotoka kwenye friji huchukua muda zaidi.

10. Fungua skrubu zote kabisa kabla ya kuvuta. Zivute juu moja moja uone zimeachia, uzihesabu, kisha utoe trei kwa mvuto mmoja ulionyooka. Skrubu moja iliyosahaulika inatosha kuharibu chapa na kumuumiza mgonjwa.

11. Kagua chini ya mwanga mkali, kwa lenzi kama unayo. Angalia pale silikoni inapokutana na shingo ya kopingi. Mstari ukiwa safi na mkali pande zote, ni vizuri. Ukiona duara linalong'aa lililoiacha kopingi kwa upenyo wa karatasi, kopingi hiyo imezunguka au imenyanyuka, na chapa hiyo haina tiba isipokuwa kurudiwa mgonjwa angali kitini. Ukishika kopingi kwa kibanio na kuisukuma kidogo, isicheze.

12. Osha chapa kwa maji yanayotiririka, iue vijidudu kwa dawa na kwa muda alioandika mtengenezaji, ambao mara nyingi ni dakika 10 hivi, kisha uikaushe. Analogi utuachie sisi tuzifunge, isipokuwa kama umezoea: anayekaza analogi huku ameshika trei badala ya kopingi huizungusha kopingi ndani ya silikoni, na hapo kazi yote ya hatua ya 6 imeharibika.

13. Pakia kwa ajili ya safari. Tumia boksi gumu ambalo kingo zake hazigusi silikoni, liandikwe kwamba lisikandamizwe. Silikoni na polietha zote hustahimili siku kadhaa kabla ya kumwagwa plasta, ila polietha hufyonza unyevu na kuvimba: kamwe usiifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pamba iliyolowa, wala usiiweke mfuko mmoja na chapa ya alijineti ya taya la pili. Tumeshapokea polietha iliyosafiri usiku kucha kwenye basi ikiwa imeviringishwa gozi lililolowa, na aliyeituma aliamini anaitunza. Usiliache boksi juani kwenye kiti cha bodaboda wala juu ya dashibodi ya gari.

Njia ya skana, hatua kwa hatua

1. Sawazisha skana kama mtengenezaji anavyoelekeza, hasa ikiwa imesafirishwa kwenye barabara mbovu au chumba kimepata joto tofauti na la jana. Iwashe mapema ili kioo cha ncha kipate joto kisishike ukungu. Hakikisha betri ya akiba inafanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kuskani, baadhi ya programu hupoteza kila kitu.

2. Fungua kazi mpya na uchague jina la nguzo ya skani kutoka kwenye maktaba ya programu. Jina hilo lilingane na nguzo uliyoishika mkononi, herufi kwa herufi. Nguzo mbili za kampuni moja zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana urefu, na ukichagua isiyo yake, taji litachongwa juu au chini ya lilipopaswa kuwa bila programu kulalamika.

3. Ondoa kifuniko cha ufizi na uskani tundu la ufizi mara moja, kabla halijajifunga. Picha hii ndiyo inayompa fundi umbo la taji linapotoka kwenye ufizi.

4. Funga nguzo ya skani kwa nguvu ya mkono au kwa kipimo alichotaja mtengenezaji, wala usizidishe. Nguzo za plastiki ngumu hubonyea zikikazwa mno, na hata zile ambazo mtengenezaji ameruhusu kuzitumia tena huchakaa kwa kupikwa mara nyingi katika mashine ya kuulia vijidudu. Nguzo iliyokwaruzika itupwe. Kisha piga eksirei, kwa sababu ileile ya kopingi.

5. Kausha, weka pamba, vuta shavu na ulimi, na uzime taa ya kiti. Mate hurudisha mwanga kama kioo, na mwanga wa taa huivuruga kamera.

6. Skani kwa njia moja isiyobadilika. Njia inayofaa kwa skana nyingi ni kuanzia gego la nyuma juu ya uso wa kutafunia hadi mwisho wa eneo unalolihitaji, kurudi kwa upande wa ulimi au kaakaa, na kumalizia upande wa shavu. Usirukeruke. Ukipoteza mahali, rudi kwenye jino lililokwisha kuskaniwa, usubiri programu ilitambue, kisha uendelee. Skani eneo unalolihitaji tu. Kuongeza upande wa pili wa taya kwa ajili ya taji moja ni kuongeza mishono bila faida.

7. Hakikisha nguzo imeonekana pande zote, hasa uso wake bapa, kwa kuwa programu hutumia uso huo kujua kipandikizi kimeelekea wapi. Tobo dogo kwenye ufizi wa mbali halina neno, lakini tobo kwenye uso bapa wa nguzo linaweza kulizungusha taji zima.

8. Skani taya la pili, kisha umwombe mgonjwa afunge meno kama anavyotafuna, uskani mkao huo pande zote mbili inapowezekana.

9. Kabla mgonjwa hajaondoka, kuza picha kwenye skrini uikague nguzo, sehemu zinazogusana na meno jirani, na mkao wa meno. Ukiona nguzo ina kingo mbili mithili ya kivuli chake, picha zimeungana vibaya. Futa sehemu hiyo uirudie.

10. Tuma faili. Faili la STL hubeba umbo peke yake. Kama unataka fundi aone rangi ya ufizi, tuma PLY au muundo mwingine unaobeba rangi. Lipe faili namba ya mgonjwa badala ya jina lake, kwa kuwa taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Bakiza nakala kwenye diski. Intaneti ilipozimwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, diski iliyopakiwa kwenye basi ilikuwa na kasi kuliko barua pepe.

Kuthibitisha kabla ya kuchonga

Kwa taji moja, ukaguzi wa kawaida siku ya kulijaribu unatosha. Kwa daraja refu au taya zima, usikubali fundi achonge chuma au zirkonia kabla ya uthibitisho huu, hata kama umetumia skana ya bei kubwa kiasi gani.

1. Tuombe fremu ya uthibitisho, yaani kipande kinachounganisha vipandikizi vyote kama vilivyo kwenye modeli. Mimi hupendelea ya plasta: ni rahisi, na plasta haipindi. Ikikazwa juu ya vipandikizi visivyolingana na modeli, hupasuka, na huo ufa ndio jibu lako.

2. Ifunge mdomoni kwa skrubu moja tu, ya mwisho upande mmoja, ukiacha nyingine wazi. Tazama upande wa pili kwa macho na kwa eksirei. Ikinyanyuka, chapa si sahihi. Hamisha skrubu upande wa pili na urudie.

3. Ikiwa imekaa, kaza skrubu zilizobaki moja moja. Kila skrubu iingie kwa ulaini mpaka ifike, kisha ikaze ghafla. Inayokaza polepole kwa mizunguko mingi inavuta kitu mahali kisipotaka kwenda.

4. Ikishindwa, ikate pale inapokosea, uiunganishe upya mdomoni kwa akriliki, uturudishie. Tutairekebisha modeli kwa kuihamisha analogi husika, na mara nyingi hutahitaji kurudia chapa yote.

Mambo yanapokwenda kombo

*Silikoni imebaki laini kuzunguka kopingi.* Karibu mara zote ni glavu za mpira wa asili, au mabaki ya akriliki ambayo haikuwa imekauka vizuri. Futa kopingi kwa spiriti, badilisha glavu, rudia.

*Trei imegoma kutoka.* Usiitingishe. Angalia kwanza kama kuna skrubu ambayo haijaachia, kisha kama silikoni imeingia chini ya daraja la zamani au kwenye mapengo ya meno yaliyolegea. Mapengo hayo yalipaswa kuzibwa kwa nta kabla ya chapa. Safari hii, kata silikoni kidogo kidogo kupitia dirishani.

*Programu imeweka kipandikizi mahali pasipoeleweka.* Kagua jina la nguzo kwenye maktaba kabla ya kuilaumu skana. Jina likiwa sawa, tazama uso bapa wa nguzo: ukiwa na tobo au tone la mate, skani upya sehemu hiyo peke yake.

*Skana inapoteza njia kila ikifika kwenye ufizi mtupu.* Kausha tena, punguza kasi, na uingize sehemu ya kaakaa gumu kwenye picha ili programu ipate umbo la kushika. Ikiendelea kupotea mara mbili tatu, chukua trei. Hakuna aibu ndani yake, na mgonjwa mzee hapaswi kukaa mdomo wazi kwa saa nzima kwa ajili ya fahari ya kifaa.

*Taji limekaa kwenye modeli lakini halikai mdomoni.* Piga eksirei kwanza. Mara nyingi ni ufizi uliobanwa chini yake au sehemu inayogusa jino jirani kwa nguvu mno, vitu viwili vinavyosawazishwa hapohapo kitini. Kama modeli ilichapwa kwa printa ya 3D, tuulize tuipime upya, maana resini ya modeli inaweza kupinda ikikaa juani au ikiwa haikukaushwa vizuri, hata kama faili lako lilikuwa safi.

*Daraja linachezacheza skrubu ya mwisho ikifunguliwa.* Usilifunge kwa nguvu ukitumaini litazoea, kwa kuwa mfupa haulegei. Kama ni la chuma, likate kwenye kiungo, uliunganishe kwa akriliki likiwa mdomoni, upige eksirei, ulitoe kwa uangalifu bila kulipinda, utuletee likiwa limefungwa pamoja na analogi zake ndani ya boksi gumu. La zirkonia haliunganishiki tena baada ya kukatwa; hilo huanzwa upya, kuanzia fremu ya uthibitisho.